Jinsi ya kupata masafa safi ya maiki zisizo na waya ukiwa safarini: mwongozo kamili

Ukibeba mitambo ya sauti kutoka Dar es Salaam kwenda Mombasa, spika zitafika vilevile, mikisa itafika vilevile, maiki zitafika vilevile. Orodha yako ya masafa ndiyo haina maana tena. Namba iliyokuwa kimya kabisa ukumbini kwako inaweza kuwa ndiyo njia ya mnara wa televisheni kule unakokwenda, au ndiyo namba ya maiki ya kanisa lililo ng'ambo ya barabara.

Fundi mwenzangu, masafa safi hayatafutwi siku ya shughuli. Kazi kubwa hufanyika nyumbani, kabla maboksi hayajafungwa. Ukumbini unakwenda kuhakikisha tu. Anayeanza kutafuta wakati bibi harusi yuko njiani atapata namba inayofanya kazi kwa dakika hiyo, halafu saa tatu usiku inaanza kukatika naye hajui sababu.

1. Soma kibandiko cha nyuma ya risiva

Kila seti ya maiki ina mipaka yake. Nyuma ya risiva (kile kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki) na ndani ya mfuniko wa betri ya transmita (yaani maiki ya mkononi yenyewe au kile kiboksi cha kiunoni) kuna maandishi madogo yanayoonyesha inaanzia megahezi ngapi na kuishia ngapi. Sennheiser za ew G3 na G4 hutumia herufi: A ni 516–558, G ni 566–608, GB ni 606–648, B ni 626–668, E ni 823–865. Lectrosonics hutumia namba za bloku, na hesabu yake ni rahisi kukumbuka: zidisha namba ya bloku kwa 25.6 utapata mwanzo wake, kwa hiyo bloku 21 inaanzia 537.6.

Andika mipaka ya kila seti kwenye karatasi moja au kwenye simu: transmita ngapi, monita za masikioni (zile wanamuziki wanazojisikilizia) ngapi, kila kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Seti nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au River Road hazibadilishwi masafa kabisa, namba zimekwishapangwa kiwandani. Hizo ziandike kama zilivyo na uzizungushie duara, maana ndizo zitakazoamua mengine yakae wapi. Zisizo na maandishi yoyote, usisafiri nazo kwenda kazi ya kulipwa.

2. Jua mpangilio wa chaneli za televisheni wa nchi unayokwenda

Maiki zetu nyingi huishi katikati ya televisheni. Afrika Mashariki, kama Ulaya, bendi ya UHF ya televisheni imegawanywa vipande vya megahezi 8. Chaneli 21 inaanzia 470 na kuishia 478, chaneli 48 inaishia 694. Ukitaka mwanzo wa chaneli yoyote, toa 21 kwenye namba yake, zidisha kwa 8, jumlisha 470. Chaneli 30 basi ni 542 hadi 550, na chaneli 38 ni 606 hadi 614.

Faida ya kulijua hili ni kwamba televisheni ya dijitali haikai nusu nusu. Tangu mitambo ya analogia ianze kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya kufuata hadi 2015, mnara unaolisha ving'amuzi vya antena unajaza chaneli yake karibu yote. Ukiutazama kwenye kichanganuzi cha masafa, yaani kifaa kinachochora mawimbi yaliyopo hewani, unauona kama meza: pande mbili zimesimama wima, juu pametandazwa, upana kidogo chini ya megahezi 8. Huwezi kuchomeka maiki katikati yake. Lakini chaneli ya pembeni ikiwa haina mtu, una megahezi 8 za kuchezea.

Kwa hiyo tafuta orodha ya chaneli zinazorushwa katika mji ule. Nchini Kenya, Signet, PANG na ADN ni miongoni mwa kampuni zinazorusha matangazo ya ving'amuzi vya antena. Ukishajua minara yao iko wapi na inatumia chaneli zipi, umepiga hatua kubwa. Usipopata orodha, mwombe mwenyeji wako mwenye king'amuzi cha antena aingie kwenye menyu ya kutafuta chaneli: ving'amuzi vingi huonyesha namba ya chaneli na masafa yake pale vinapoipata. Akupigie picha ya skrini. Ni njia ya bure, na inakupa hali ya mtaa uleule badala ya makadirio ya mji mzima. Cha dishi hakitakusaidia hapa, maana masafa yake ni ya setilaiti.

Ukivuka kwenda Marekani mpangilio wenyewe unabadilika. Kule chaneli ni ya megahezi 6, ya 14 inaanzia 470, na ya mwisho ni ya 36 inayoishia 608. Zile 542–550 tulizoziita chaneli 30 kwetu, kule zimekaa juu ya chaneli mbili, ya 26 (542–548) na kipande cha 27 (548–554). Mpango uliotengenezwa kwa vipande vya 8 unavunjika hapo hapo.

3. Simu za wageni ndizo zinazowaumiza wengi

Hapa naomba usome taratibu. Masafa ya juu ya 694, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, yamegawiwa simu. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2015 ulikamilisha kuyafungulia mitandao ya simu katika Afrika na Ulaya, na nchini Tanzania, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) iliuza sehemu ya masafa ya 700 kwa mnada mwaka 2018. Masafa ya 800 nayo yanabeba 4G katika nchi nyingi za kanda yetu.

Mtandao wa simu una pande mbili: mnara unaongea na simu, simu inaujibu mnara. Katika bendi ya 700 simu hujibu kati ya 703 na 748. Katika bendi ya 800, mnara huongea kati ya 791 na 821, na simu hujibu kati ya 832 na 862. Sasa fikiria ukumbi saa nane mchana. Mko mafundi sita na wapambaji. Unapima 840, kweupe kabisa, unafurahi, unaiweka maiki ya mshereheshaji hapo. Saa mbili usiku wageni mia nne wameingia, kila mmoja na simu, wanarekodi na kurusha video moja kwa moja mtandaoni. Kila simu inajibu mnara wake ikiwa mita mbili tatu kutoka alipo mshereheshaji. Maiki inaanza kumeza maneno, na betri ndizo zinazolaumiwa.

Ndiyo maana ukumbi mtupu ukionekana safi juu ya 694 usiuamini. Seti yako ikiwa ni ya 700 au 800, nakushauri uiache nyumbani ukodi nyingine ya chini ya 694 kule unakokwenda. Najua inauma, hasa kama uliinunua kwa jasho. Lakini masafa yale yana mwenyewe aliyeyalipia, nawe huna haki ya kulalamika yakikuzidi nguvu.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Maiki za 700 zilipigwa marufuku tangu Juni 2010, na za 617–652 na 663–698 zilitakiwa kuacha kutumika kufikia tarehe 13 Julai 2020. Kubaki salama kule ni 470 hadi 608, nje ya chaneli za televisheni za mji husika, na zile 608–614 usiziguse kwa sababu ni za wanaastronomia na vifaa vya hospitali. Tena kifaa chenyewe kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya kule, na seti nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hazina idhini hiyo.

4. Ruhusa

Piga simu au andika barua pepe mapema kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi unayokwenda: TCRA kwa Tanzania bara na visiwani, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda, ARCT kwa Burundi, ARPTC kwa Congo, TRA kwa Oman. Waambie tarehe, mahali, masafa unayotaka na nguvu ya transmita kwa miliwati. Kwa nchi za Ghuba, mwachie mwenyeji wako aombe kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye anayejulikana pale.

Uingereza utaratibu wake ni mwepesi. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya kule, hutoa leseni ya pamoja ya chaneli 38, na 863–865 hazihitaji leseni kwa nguvu ndogo. Kumbuka tu kwamba leseni ya pamoja maana yake jirani naye anayo. Ukitaka namba zako peke yako mahali fulani kwa siku fulani, unaziomba na kuzilipia.

Fungasha pia orodha ya vifaa yenye namba ya utambulisho (serial number) ya kila kimoja, nakala mbili. Mpakani, boksi lililojaa antena na vitu vyenye taa huleta maswali, na karatasi iliyopangwa vizuri huyafupisha.

5. Uliza nani mwingine atakuwepo

Mpigie fundi wa ukumbi. Msalimie vizuri, muulize hali, kisha umuulize: ukumbi una maiki zake zisizo na waya? Ziko kwenye namba zipi? Ukumbi wa pili una shughuli siku hiyo? Watu wa video wanakuja na maiki zao? Kituo cha televisheni kitakuwepo? Bendi ina monita za masikioni? Msikiti au kanisa la karibu je?

Muombe akupigie picha risiva zao zikiwa zimewashwa. Usiridhike na "hazisumbui". Hoteli nyingi zina seti ya maiki mbili iliyofungwa kabatini ambayo haizimwi mwaka mzima, na hata anayeitumia hajui iko kwenye namba gani.

6. Panga namba zako ukiwa nyumbani

Sasa una mipaka ya vifaa vyako, chaneli za televisheni za kukwepa, na namba za wenyeji. Kilichobaki ni kuzipanga zako zisigombane zenyewe kwa zenyewe.

Transmita mbili zikikaribiana, huzaa masafa mengine ambayo hakuna aliyeyawasha. Mafundi huita intamodulesheni. Yenye madhara zaidi hupatikana hivi: chukua namba moja, izidishe kwa mbili, toa ya pili. Tazama mfano huu. Umeweka maiki tatu kwenye 542.500, 543.300 na 544.100. Zinaonekana zimepangwa vizuri, kila moja 0.8 kutoka kwa mwenzake. Lakini 543.300 mara mbili ni 1086.600, toa 542.500, unapata 544.100. Maiki mbili za kwanza zimezaa kelele juu ya kichwa cha ya tatu. Isogeze ya tatu iwe 544.500, na kelele zote za namna hii, pamoja na zile zinazotokana na maiki tatu kwa pamoja, zinakaa angalau 0.4 kutoka kwa kila maiki. Mabadiliko ni madogo lakini usiku wako umeokoka.

Kwa hiyo usipange kwa nafasi zinazolingana. Ndiyo kasoro ninayoiona mara nyingi zaidi kwenye mipango ya watu, kwa sababu inapendeza machoni.

Maiki tatu unaweza kuzipigia hesabu kwa kalamu. Nane huwezi: jozi peke yake zinazaa kelele 56 za aina hiyo, na mchanganyiko wa tatu tatu unaongeza 168. Hapo tumia programu. Wireless Workbench ya Shure na Wireless Systems Manager ya Sennheiser hupakuliwa bure. Unaingiza chaneli za televisheni, aina ya vifaa vyako na vya jirani, nayo inakutafutia namba. Ya Shure ina orodha ya vifaa vya kampuni nyingine pia, kwa hiyo usiogope kuchanganya.

Seti za analogia za bei ya kati, weka maiki sita hadi nane kwenye chaneli moja ya megahezi 8 usibanane zaidi. Za dijitali hustahimili msongamano: Shure wenyewe wanasema ULX-D zinaingia 17 ndani ya megahezi 6. Monita za masikioni ziweke chaneli nyingine kabisa, kwa sababu transmita zake zinapiga kelele muda wote karibu na risiva zako. Na kwa kila maiki nne, weka namba moja ya akiba ambayo nayo imepigiwa hesabu. Akiba isiyopigiwa hesabu inaweza kuharibu zile zilizokuwa nzima.

7. Ukumbini: pima kabla ya kuwasha chochote chako

Kifaa cha kupimia si lazima kiwe cha bei kubwa. tinySA inaingia mfuko wa shati na inafaa kabisa kwa kazi hii, RF Explorer vilevile. Ukiwa huna, risiva zenyewe nyingi zina kitufe cha skani. Usiitumie kukuchagulia namba, itumie kukuonyesha palipojaa.

Simama mahali antena za risiva zitakapokaa, si kwenye gari wala mlangoni. Pima 470 hadi 694, na kiache kifaa kiendelee kushika kilele cha juu kabisa kwa dakika kadhaa, ili maiki ya jirani inayowashwa na kuzimwa ionekane. Meza pana ni televisheni. Mwiba mwembamba uliosimama peke yake ni maiki au monita ya mtu. Mstari mzima ukiwa umenyanyuka kama maji yaliyojaa, hiyo ni kelele ya vifaa, na mara nyingi chanzo ni skrini za LED. Mwambie fundi wa skrini aiwashe na kurusha picha inayotembea, upime tena. Skrini iliyozimwa haikuambii kitu.

Halafu pima mara nyingine saa ileile ambayo shughuli itafanyika, jana yake kama unaweza. Kwetu pwani hili si la kupuuza. Jioni zenye joto, mawimbi ya televisheni husafiri mbali sana juu ya bahari, na Ghuba wakati wa kiangazi hali hiyo ni maarufu. Uko Zanzibar au Muscat, chaneli iliyokuwa tupu asubuhi inaweza kuwa na mgeni kutoka ng'ambo ya maji usiku.

Linganisha ulichokiona na mpango wako. Mara nyingi utasogeza namba mbili tatu tu. Ukisogeza, rudi kwenye programu upige hesabu upya. Usisogeze kwa kubahatisha.

Antena zenyewe: ziinue juu ya vichwa vya watu, ziione jukwaa bila nguzo wala chuma katikati, na uziweke mita tatu au zaidi kutoka kwa antena za monita za masikioni. Waya mwembamba wa RG-58 hupoteza karibu desibeli 4 kwa mita 10 katika masafa haya, kwa hiyo kwa umbali huo au zaidi tumia waya mnene. Bora risiva zikae karibu na jukwaa na urefu ubebwe na waya za sauti.

8. Washa moja moja, kisha fanya jaribio la kuzima

Risiva zote ziwe zimewashwa, transmita zote zimezimwa. Tazama taa za nguvu ya mawimbi. Risiva yoyote inayoonyesha taa wakati maiki yake imezimwa, namba yake ina mtu. Ibadilishe.

Washa transmita moja baada ya nyingine, ukizitawanya jukwaani umbali wa hatua mbili kati ya moja na nyingine. Ukizirundika mezani zote kwa pamoja zitazaa kelele ambazo jukwaani hazitakuwepo, nawe utakimbizana na kivuli.

Zikishawaka zote, pamoja na monita, skrini, na maiki za watu wa video, fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Zima maiki ya kwanza peke yake, utazame risiva yake. Taa zikizimika zote, namba hiyo ni safi hata wenzake wakiwa wamewasha. Zikibaki mbili au tatu, kelele za wenzake zimeangukia pale. Sauti ilikuwa nzuri kwa sababu maiki ilikuwa karibu na yenye nguvu, lakini mhubiri atakapoteremka kati ya watu na mwili wake kuziba kiboksi cha kiunoni, kelele ile itashinda. Iwashe, zima ya pili, tazama. Endelea hadi ya mwisho.

Kisha tembea. Mtu mmoja ashike maiki na kuhesabu kwa sauti akipita kila sehemu ambayo msemaji atapita: mlango wa kuingilia maharusi, nyuma ya nguzo, meza ya juu, chini ya balcony. Mwingine abaki kwenye risiva na kuandika zilipopungua. Viboksi vya kiunoni vijaribiwe vikiwa vimevaliwa, antena ikining'inia, haijakunjwa mfukoni.

Usikimbilie kuongeza miliwati. Kuongeza nguvu kunaongeza pia kelele ambazo transmita zinazaliana. Kwenye ukumbi wa kawaida, miliwati 10 hadi 30 na antena zilizokaa vizuri zinatosha.

9. Shughuli ikiendelea

Bandika orodha ya namba zote kwenye meza ya sauti, za kwako, za wengine, na za akiba. Mtu wa video akichelewa na kutaka kuwasha seti yake, mpe namba kutoka kwenye orodha hiyo. Wengi watakushukuru kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa.

Vile vimaiki vya kubana kwenye kola vya 2.4 gigahezi havigusani na UHF, kwa hiyo havitakusumbua. Kwa mahojiano ya karibu vinafaa, na vinavuka mipaka bila shida kubwa. Ukumbi ukijaa waifai na simu, usivitegemee kwa hotuba.

Maiki ikianza kukatika, tazama kwanza taa za mawimbi. Zikiwa chini, tatizo ni umbali, mwili, antena au betri. Zikiwa juu na sauti bado inakwaruza, umeingiliwa: hamia akiba, risiva na transmita pamoja. Na muda wote huo maiki moja ya waya iwe imechomekwa tayari, imesimama pembeni ya jukwaa, sauti yake imekwishapangwa.

Kabla ya kufungasha, hifadhi picha ya skani ya usiku ule, uipe jina la ukumbi, mji, tarehe na saa, na uandike skrini za LED zilikuwa zinawaka au la. Mtumie nakala fundi wa ukumbi pamoja na namba ulizotumia.